Magunia Niliyoyatilia Sahihi

Chelangat mwanangu,

Utacheka ukiona karatasi hizi. Mama ambaye hata ujumbe wa simu humwachia baba yako aandike, leo amekaa na kalamu kama mtoto wa mtihani. Cheka tu. Nimechana kurasa tatu kabla ya hii, na daftari la maziwa limebaki jembamba.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za chakula, wala za wanaume. Hayo shangazi yako amekuambia tangu Krismasi mpaka ukaanza kujificha bafuni. Nina jambo moja tu, na kwa miezi sita nimeshindwa kulisema kwa mdomo ingawa tumekuwa tukila kwenye sahani moja.

Kazi unayokwenda kuripoti kesho ililipiwa. Hatukuuza ng'ombe, wala hatukumpa mtu bahasha. Niliilipia mimi, kwa kunyamaza. Sasa nimeacha kunyamaza, na huenda kazi hiyo ikapotea kabla hujaona mshahara wa kwanza. Nataka uyasikie haya kutoka kwangu kabla mtu mwingine hajakupigia simu.

Unakumbuka nilivyochaguliwa kuwa mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule ya kutwa hapa kwetu. Ulikuwa chuoni, nikakupigia nikijigamba kama mbunge. Walinichagua kwa sababu ya mdomo wangu. Kila mtu upande huu wa Kipkelion ananijua kwenye kituo cha majani chai. Karani akisoma mizani haraka, namwambia arudie. Akiandika kilo kumi na saba na mimi nimeona kumi na saba na nusu, hatuondoki pale mpaka nusu yangu iandikwe. Karani mwenyewe ni mtoto wa dada ya baba yako, na hilo halijawahi kunizuia. Kwenye mizani kila mtu hugombana, na tukimaliza tunaulizana habari za watoto. Basi wazazi wakasema, huyu ndiye atakayetuangalizia mali ya shule.

Lakini mwalimu mkuu ni pamwai wetu. Wewe hujaolewa bado, neno hilo unalisikia tu wazee wakiitana. Tangu mwanawe Gideon alipomwoa dada yako Chepng'eno, mimi na yeye ni wazazi wa nyumba moja. Mtu ukimwita pamwai humkatizi akisema, huinui sauti mbele yake, humhesabii vitu. Nililelewa hivyo na nilikuwa naona fahari. Sikujua heshima hiyo inaweza kumfunga mtu miguu.

Unajua chakula cha mchana kinavyolipwa pale shuleni. Mwenye pesa analeta pesa, asiye nazo analeta mahindi, maharagwe au kuni. Muhula wa kwanza mwaka jana mavuno yalikuwa mazuri, watu wakaleta mahindi. Wengine walileta kwa punda, wengine kwa bodaboda. Nyaboke, yule mama Mkisii wa kule bondeni aliyekuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa akanunua kipande cha ardhi akabaki, hakuwa na pesa ya punda. Alibeba debe moja moja mgongoni, siku mbili, mpaka magunia yake mawili yakajaa. Mimi nilisimama mlangoni mwa stoo nikihesabu. Sikuandika jina la mtu yeyote. Nilichora vijiti kwenye kadibodi, kila gunia kijiti kimoja, na stoo ilipojaa nikaenda na kadibodi ile nyumbani, nikawashia moto.

Jumamosi moja pamwai akaja na faili. Nilimpa maziwa ya mursik kwanza, kisha chai. Tukaongea habari za mvua, za mjukuu wetu, za mguu wa baba yako. Alipomaliza kikombe cha pili ndipo akafungua faili.

“Mama, stoo umeona?”

“Nimeona, pamwai.”

“Mahindi iko?”

“Iko mingi. Hata mlango haifungi.”

“Basi tuwekee sahihi hapa. Na hapa. Ni formality tu, watu wa ofisi wanapenda karatasi.”

Ningependa kukuambia kwamba alifunika maandishi kwa mkono. Hakufunika. Karatasi zilikuwa wazi mezani, kwa Kiingereza cha kawaida ambacho hata mimi niliyeishia kidato cha pili nakisoma. Zilisema kwamba shule imenunua magunia sitini ya mahindi kutoka kwa kampuni fulani, na kwamba mimi nimeyapokea. Ningesoma ningeona. Niliona haya kusoma mbele yake. Kusoma kungekuwa kumwambia simwamini, ndani ya nyumba ambayo alileta ng'ombe wa mahari ya Chepng'eno. Hata maziwa ya chai aliyokuwa akinywa yalitoka kwa mmoja wa ng'ombe hao. Nikafuta mikono kwa leso, nikatia sahihi mara tano, upesi upesi, ili aone kwamba mimi si mtu wa maneno mengi.

Mimi, Chelangat. Mimi ninayemrudisha karani kwenye mizani kwa nusu kilo.

Muhula wa pili ulipofika katikati, watoto wakaanza kurudishwa nyumbani. Wakaambiwa chakula kimeisha, kila mmoja alete pesa ya chakula. Nyaboke alikuja hapa asubuhi na mapema, kabla hata sijamaliza kukamua, binti yake Moraa nyuma yake akiwa na sare ya shule.

“Mama Chelangat,” akasema, “si ni wewe ulihesabu mahindi yangu?”

“Ni mimi.”

“Gunia ngapi?”

“Mbili.”

“Sasa mbona wanasema hii msichana yangu hajalipa kitu? Ati kwa kitabu yao hakuna. Mimi ni mwongo? Ama mgongo yangu ndio mwongo?”

Nilimwambia nitauliza. Nilikwenda shuleni siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye mkutano Kericho, na yule msichana wa ofisini, bila wasiwasi wowote, akanipa faili, maana mimi ni mjumbe wa bodi na ni haki yangu. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikaisoma kama nilivyopaswa kuisoma mezani kwangu. Nikaona magunia sitini yaliyonunuliwa. Nikaona pesa zilizolipwa. Nikaona sahihi yangu mara tano, nzuri, imenyooka, ile niliyofundishwa na babu yako. Hakukuwa na gunia hata moja lililoletwa na mzazi. Mahindi ambayo watu walibeba migongoni yalikuwa yamegeuka mahindi ya kununua, na aliyeshuhudia kwamba yamenunuliwa alikuwa mimi.

Chini ya jina la kampuni kulikuwa na nambari ya simu. Nikasema nitawapigia niwaulize walileta mahindi lini, na lori lao lilipita barabara gani nisilione. Nikatoa simu, nikaanza kubonyeza nambari. Sikuwa nimefika mwisho wakati simu yenyewe ilipoandika jina: Gideon Mkwe.

Nilikaa pale benchi mpaka kengele ya chakula ikalia, na hakuna aliyekwenda kula.

Sasa unaelewa kwa nini sikukuambia. Nikisema, ninamtaja pamwai. Nikimtaja pamwai, ninamtaja mume wa dada yako. Mwaka ule ule Chepng'eno alikuwa ameweka sakafu ya vigae, na mimi ndiye niliyepiga vigelegele tulipoingia kuizindua. Na nikiwataja wote hao, karatasi inasema mimi ndiye niliyepokea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanye nini ukigundua kwamba nguo yenyewe umeishona wewe.

Nilimuuliza pamwai, kwa upole, tukiwa wawili tu. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

“Mama,” akaniambia, “pesa ya serikali inakuja imechelewa, tena nusu. Kuna walimu wanne nalipa kutoka kwa bodi, na hao wana watoto. Nitawalipa na nini? Pesa imetoka kwa chakula, imeenda kwa mishahara. Karatasi lazima iseme kitu. Gideon ametusaidia na jina ya kampuni tu.”

Labda ni kweli nusu. Wale walimu wanne nawajua, na walilipwa. Nusu hiyo ya kweli ndiyo iliyonilaza. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba hakuna aliyekula pesa ya mtoto, ni mambo ya ofisi, nitafanyaje. Sakafu ya vigae niliiweka pembeni, sikutaka kuifikiria.

Wiki moja baadaye, nikiwa nimeomba faili lile mara ya pili, pamwai alikuja akiwa na uso wa sherehe. Rafiki yake wa chuo ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana kule Ukambani, na anatafuta mhasibu. “Nimemwambia tuko na msichana wetu,” akasema. “Diploma iko, tabia iko. Januari anaanza.” Ulikuwa umekaa nyumbani miaka miwili na cheti chako, unachuma chai na kuandika barua za kazi ambazo hazijibiwi. Uliruka ukanikumbatia mpaka sufuria ikamwagika. Pamwai alinitazama juu ya bega lako. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake haukuwa mtupu.

Sikuliomba faili tena.

Usinielewe vibaya. Cheti chako ni chako na kichwa chako ni chako. Kama mahali hapa pangekuwa na haki ungepata kazi hiyo bila kujuliwa na mtu. Nasema tu jinsi ulivyoipata, na nilichokitoa mimi nyuma ya mgongo wako bila kukuuliza.

Muhula wa tatu kulikuwa na mkutano wa wazazi, na Nyaboke akasimama. Kiswahili chake unakijua, hakina kona. Akasema wazazi wanataka kuona pesa ya shule inaingia wapi na inatokea wapi, ibandikwe ukutani kila mtu aone. Watu wakapiga makofi. Nilidhani pamwai atatafuta sababu ya kukataa. Akakubali papo hapo, akasema hilo ni jambo zuri na shule yake haina cha kuficha.

Na kweli akabandika. Karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, imepigwa chapa, ina muhuri. Chakula, pesa kadhaa. Mishahara, pesa kadhaa. Ukarabati, umeme, usafiri. Chini kabisa, jumla. Watu walikuja wakatazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaenda zao. Wengine walipiga picha kwa simu. Nyaboke alisimama pale muda mrefu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akanigeukia.

“Gunia yangu iko wapi hapa?”

“Iko ndani ya jumla,” nikamwambia.

Akaitikia, kwa sababu aliniamini. Akashika njia ya kwenda bondeni.

Nimetia sahihi tano za uongo, lakini uongo ninaoujutia zaidi ni huo wa maneno manne. Karatasi nilitia bila kusoma. Nyaboke nilimdanganya nikimtazama machoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka siku nyingine ambayo labda wewe umeisahau. Natumaini umeisahau. Ulikuwa darasa la nne, siku ya wazazi. Mwaka uliopita tulikuwa tumechangishwa pesa za maktaba, kila familia, na wewe ulikuwa umerudishwa nyumbani mara mbili mpaka tulipouza kondoo. Siku hiyo mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa anapita akisalimia wageni, na wewe ukamuuliza kwa sauti yako ndogo ile, “Mwalimu, maktaba iko wapi?” Watu wakacheka. Nilikufinya sikio mbele ya wote, nikalisokota, nikakuambia mtoto haulizi wakubwa maswali. Ulilia njia nzima. Maktaba haijajengwa hadi leo, pale kuna majani ya ng'ombe.

Nisamehe kwa sikio lile. Ulikuwa na miaka kumi na tayari ulikuwa mjumbe wa bodi bora kuliko nilivyokuja kuwa mimi.

Moraa hakurudi shuleni. Alirudishwa mara ya tatu, akachoka. Sasa anachuma chai na kuipima kwa namba ya mkulima ya mama yake. Mapema mwezi wa Desemba nilimkuta kituoni, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu kama vyangu. Nilijifanya nafunga kamba ya gunia ili nisimwone. Akaja mwenyewe kunisalimia.

“Mama, nasikia Chelangat amepata kazi. Mungu ni mwema. Mwambie nimefurahi sana.”

Salamu hizo sikuzileta kwako. Nakupa sasa. Msichana ambaye mahindi yake yalikununulia kazi anasema amefurahi sana.

Siku ile nilishindwa kula. Kesho yake nikachukua daftari, nikaenda kwa Nyaboke, nikamwambia yote. Sikulia, ingawa nilitaka, kwa sababu niliona kulia kungemlazimisha anibembeleze. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharagwe. Nilingoja anifukuze.

“Kwa hivyo si jumla,” akasema.

“Si jumla.”

“Haya. Lete hiyo kitabu, mimi nakumbuka watu wengi wenye walileta.”

Ndiyo maana mwezi mzima wa Desemba ulikuwa unaniuliza mbona siku hizi natembea hivyo, na mimi nikikuambia ni mambo ya kanisa. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba, mimi na Nyaboke. Watu wanakumbuka magunia yao, Chelangat. Hakuna aliyetuambia “sijui.” Mmoja alikumbuka kwamba gunia lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu. Mwingine alikuwa ameleta nusu gunia na akakataa katakata tumwandikie zima. Tulipomaliza tulikuwa na magunia sitini na matatu, kila moja na jina la mwenyewe.

Baba yako anajua. Siku mbili baada ya kumwambia, alisema, “Rael, hao ng'ombe wako hapa nje bado.” Sijui kama alikuwa ananikataza au ananikumbusha tu.

Kisha nilimwendea dada yako. Hilo lilikuwa gumu kuliko kumwendea Nyaboke. Alinisikiliza akiwa amesimama kwenye sakafu yake, mtoto ubavuni.

“Mama, hii nyumba ndio ninalala,” akaniambia. “Sasa unataka nilale wapi?”

Nilimwambia anaweza kuja nyumbani wakati wowote, naye akacheka kicheko kibaya, akaniuliza kama nitamlea pia mume wake. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Wewe ukimpigia atashika, kwa hiyo mpigie. Usimwambie niliyokuandikia hapa. Muulize tu hali ya mtoto.

Unakwenda kukaa upande mwingine wa meza. Huko wewe ndiwe utakayeandika. Siwezi kukufundisha hesabu, hizo umesoma. Ninachokijua ni hiki tu, nilichokipata kwa gharama. Siku ikifika, hutaletewa karatasi na mwizi. Mwizi ni rahisi, mwizi ungemwona. Utaletewa na mtu unayempenda, au uliyekula kwake, baada ya kukuuliza habari za mama yako. Na karatasi itakuwa na ukweli ndani yake. Magunia yalikuwepo, Chelangat. Ningeapa mbele ya kanisa kwamba yalikuwepo.

Ukiambiwa ubandike hesabu ukutani, bandika kitu ambacho mama mmoja anaweza kukitazama akasema, “Hapana, mimi nilileta mawili, mbona umeandika moja?” Ile karatasi yenye muhuri hakuna ambaye angeweza kuikataa. Nani anajua jumla? Jumla ni ya wakubwa. Lakini kila mtu anajua gunia lake. Na usibandike ofisini. Watu wakiingia ofisini wanavua kofia na kuacha ndimi zao mlangoni.

Hilo nililiona kwenye mizani, mahali ambapo nimesimama miaka ishirini bila kuona. Pale kituoni mtu haogopi karani, wala shemeji, wala mzee wa kanisa. Kila mmoja anasoma kilo zake na za jirani yake. Ni wale wale wazazi wanaotikisa vichwa mbele ya muhuri. Mimi pia ni yule yule.

Kwa hiyo jioni ya leo, lori lilipokwisha kupakia na watu kuondoka, nilibandika majina yote pale kituoni, kwenye ukuta wa mbao karibu na mizani. Nyaboke alishika misumari. Juu nimeandika: Magunia ya mahindi yaliyoletwa na wazazi mwaka jana. Aliyeyapokea ni mimi Rael. Sikupokea gunia lolote lililonunuliwa, na kwenye karatasi za shule niliandika kwamba nilipokea. Mwenye kuona kosa kwenye jina lake aseme. Kampuni sikuitaja, wala pamwai, wala Gideon. Watu wa hapa si wajinga, watauliza wenyewe.

Nilifikiria kungoja. Nilijiambia nisubiri upokee mshahara wa kwanza, kisha nikajiambia nisubiri wakuajiri kabisa, kisha Chepng'eno ajifungue huyu wa pili. Sababu hazikuisha. Lakini shule imefunguliwa na magunia mapya yameanza kuingia, na pamwai amenipigia simu kwamba kesho kutwa atapita tunywe chai. Najua anakuja na nini. Nilijua pia kwamba nikimwona ameketi pale kitini pake, kikombe mkononi, nitatia sahihi tena. Najijua. Ndiyo maana nimebandika leo, nikiwa bado sijamwandalia chai.

Nilifikiria pia kukuamsha nikuulize wewe uamue. Ni kazi yako, ni maisha yako. Nilifika mpaka mlangoni. Nikaona kwamba hapo ningekuwa nakuwekea karatasi mezani, nikikuambia tia sahihi hapa na hapa. Nikarudi.

Sijisikii shujaa. Kama unadhani moyo wangu umetulia, haujatulia. Sijui kama nitaitwa na polisi kwa zile sahihi tano. Sijui kama nitamwona tena mjukuu wangu kabla hajaanza kutembea. Sijui baba yako ataangaliana vipi na pamwai kanisani, na kanisa lenyewe lina milango miwili tu. Nilitaka kutoka kwenye kona hii, na nimetoka kwa kuwaingiza ninyi wote ndani yake. Nakupenda, na nimekukosea kwa kunyamaza, na sasa ninakukosea kwa kusema.

Wewe nenda. Ripoti, keti kwenye meza yako, fanya kazi kama mtu aliyeipata kwa haki, maana kwa upande wako ni haki. Huenda rafiki yake pamwai ni mtu mzuri na hatakuuliza lolote. Huenda atapigiwa simu kesho kabla basi lako halijafika Nairobi.

Kama watakurudisha getini, usinipigie simu kuniambia kwamba umenisamehe. Nakujua, utafanya haraka kunisamehe ili nisihuzunike. Njoo nyumbani kwanza unigombeze uso kwa uso, kwa sauti, majirani wasikie. Utanikuta. Sina pengine pa kwenda.

Mama yako aliyekuzaa na kukufinya sikio,
Rael